Kanisa Lina Miaka Mingapi? Uliza Kwanza: Paa, Ukuta au Waumini

Ugomvi ulianzia kwenye leso, yaani kanga. Kina mama wa kanisa moja la mashambani, mwendo wa matatu mbili kutoka Mombasa mjini, walikuwa wakijiandaa kwa jubilii, na jubilii bila leso huku Pwani haihesabiwi. Muuza leso akataka kujua jambo moja tu kabla ya kupeleka oda: kwenye pindo achapishe mwaka gani? Ikatoka miaka mitatu. Shangazi yangu, ambaye ndiye mweka hazina, alitaja mwaka uliochongwa kwenye jiwe la msingi. Katibu akafungua daftari la ubatizo, na jina la kwanza humo limelitangulia jiwe kwa zaidi ya miaka ishirini. Kijana wa kwaya naye akaonyesha kibao cha marumaru juu ya mlango, chenye jina la askofu na mwaka wa kuwekwa wakfu, mwaka ambao mama yake mwenyewe alikuwa ameshaolewa.

"Si wewe unayeandika mambo ya majumba ya kale?" shangazi akanipigia. "Basi njoo utuambie nani mwongo."

Nilikwenda, na mwongo sikumpata. Kila mmoja alikuwa amejibu swali lake. Tukisema "kanisa" tunachanganya watu wanaokusanyika, kiwanja wanachokusanyikia, jengo linalowafunika, na parishi, yaani ile hadhi ya kuwa na kasisi wake, mhuri wake na akaunti yake. Vyote hivyo huzaliwa siku tofauti, na kwa kawaida hadhi ya parishi ndiyo huja mwisho kabisa, kwa sababu makanisa mengi ya mashambani yalikaa miaka na miaka yakiwa vitawi vya kanisa mama.

Mfano ulio wazi zaidi ni Rabai, ambako kila anayesimulia Ukristo wa Kenya huanzia. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wakafa, na kaburi liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Mmisionari mwenzake Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846, na Agosti ya mwaka huo wawili hao wakapanda kutoka kisiwani hadi Rabai Mpya: kwanza kwa chombo kupitia hori, kisha kwa miguu kupanda mlima. Sasa tuseme Rabai inaanza lini? Wa 1844 wana hoja yao, wa 1846 wana yao. Lakini mtu wa kwanza wa pale kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu aliyebatizwa akiwa anakaribia kufa, mwaka 1851. Maana yake kwa miaka mitano kulikuwa na misheni isiyo na hata Mkristo mmoja mwenyeji. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki mpaka 1875, akawa karibu kipofu, na waumini aliowaacha walikuwa wachache. Watu wa idadi hiyo hawahitaji jengo kubwa.

Basi lile kanisa la Mtakatifu Paulo linaloonekana leo, la miaka ya mwisho ya 1880, limetoka wapi? Hapa ndipo wengi huruka ukurasa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1875 misheni ya CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, ikaanzisha Frere Town, Kisauni, makazi ya walioachwa huru. Kengele ya pale ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni, ambalo makondakta hulitaja kutwa nzima bila kufikiria kengele yoyote. Kutoka Nasik, karibu na Bombay, walikuwa wamekuja Waafrika waliokombolewa utumwani wakalelewa India, kina William Jones, Ishmael Semler na George David. Jones akawa ndiye mtu wa Rabai. Watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya pwani, wakaanza kumiminika huko. Kufikia 1888 mabwana zao walikuwa wamekasirika kiasi cha kutaka kuvamia misheni, na tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA (Imperial British East Africa) akagawa hati za uhuru pale Rabai kwa watu wapatao 1,400, baada ya kampuni kukubali kuwalipa mabwana fidia.

Kwa maoni yangu ukubwa wa kanisa lile hauelezeki kwa Krapf wala Rebmann. Unaelezeka kwa watoro. Mzungu aliyekuja na Biblia huandikwa kwenye kibao. Aliyekimbia usiku kutoka shamba la minazi ndiye aliyefanya ukumbi uwe mdogo ikabidi ujengwe mwingine. Na hata kabla ya hao wote, kiwanja hakikuwa kitupu. Misitu mitakatifu ya kaya, yaani vijiji vya kale vya mababu, za Warabai, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, iko palepale jirani, na watu walikuwa wakiomba humo tangu zamani.

Turudi kwa shangazi. Nilipofika kanisani nilianza kwa kutazama juu, kwa sababu huku Pwani kanisa hufa kuanzia kichwani. Ukuta unaweza kuvumilia miaka mia, lakini paa halivumilii, na kila paa linapobadilishwa watu husema "tulijenga upya", hata kama ukuta haukuguswa. Nusu ya utata wa tarehe za makanisa ya mashambani imo katika neno hilo.

Banda la kwanza karibu kila mahali lilikuwa la miti, fito, udongo na makuti. Makuti yana ubaridi mtamu, lakini baada ya miaka michache huanza kuvuja na kuhitaji kuezekwa tena, na cheche moja ikiruka kutoka jikoni kwa jirani hakuna wa kuliokoa. Miti yenyewe ilikuwa mikoko. Wauzaji wa mikoko wana majina kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Boriti ndiyo iliyoamua sura ya majumba ya mawe ya Mombasa na Lamu. Ikilazwa kutoka ukuta hadi ukuta ili kubeba dari zito la mawe na chokaa, haiwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, mara nyingi hata chini ya hapo. Ndiyo sababu vyumba vya Mji wa Kale ni virefu na vyembamba kama ushoroba, na ndiyo sababu misikiti ya kale imejaa nguzo katikati.

Msikitini nguzo haimsumbui mtu sana, safu hupangika huku na huku. Kanisani waumini wanataka kuiona madhabahu na kumwona mhubiri, na bi harusi anataka njia iliyonyooka ya katikati. Kwa hiyo kanisa linataka uwazi mpana, na boriti hapo imeshindwa. Jibu ni kenchi: mbao zilizopasuliwa zikaungwa pembetatu, zikakaa juu ya kuta mbili na kuvuka ukumbi mzima bila nguzo. Kenchi zilihitaji mbao ndefu, fundi seremala na kitu chepesi cha kuezekea. Mabati yakaja kukamilisha, hasa baada ya reli kuanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Kanisa la mashambani lililobadilika kutoka makuti hadi mabati kwa hakika lilibadilika umbo zima, likapanuka kwa sababu sasa liliweza.

Ila kenchi ina tabia yake. Ile miguu miwili ya pembetatu inataka kufunguka, kama mtu anayeteleza huku kapanua miguu. Kinachoizuia ni ule mti wa chini ulalao kutoka ukuta hadi ukuta, mtambaapanya. Ukiukata, au ukioza kwenye ncha ulikoingia ukutani, mzigo wote wa paa unazisukuma kuta nje. Nyufa huanza juu kwenye pembe na kushuka kwa mshazari, na ukisimama nje ukalenga kwa jicho utaona ukuta umetoka tumbo. Kwenye kanisa la shangazi kuna fimbo nne za chuma zinazovuka ukumbi, kila moja ikitokeza nje kwa bamba la duara na nati kubwa yenye kutu. Mtu fulani, miaka fulani, aliona kuta zinaachana akazifunga kama mzigo. Kwaya huzitundikia mapambo ya Krismasi. Na miaka miwili iliyopita fundi mmoja aliyekuja kuweka dari la jipsamu alipendekeza zikatwe, kwa kuwa zinaharibu picha za harusi! Aliyemzuia si mhandisi, ni mzee mmoja wa kanisa aliyesema tu kwamba aliyeziweka hakuwa mjinga.

Kuhusu mabati nisirefushe. Hewa ya bahari ina chumvi, na bati huanza kuoza kwenye tundu la msumari. Geji nayo huwachanganya wanakamati: namba ikipanda bati hupungua unene, kwa hiyo geji 32 ni jembamba kuliko 28, na ni rahisi kwa bei pia. Kamati yenye haraka hununua 32, na kizazi hichohicho hukutana tena kuchangishana.

Ukuta una hadithi nyingine, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Chokaa ya zamani ilichomwa. Walipanga magogo duara, tabaka juu ya tabaka, wakaweka matumbawe juu yake na kuliwasha tanuu likawaka usiku kucha. Asubuhi matumbawe yamekuwa meupe na mepesi, yakimwagiwa maji yanachemka na kusambaratika kuwa unga. Unga huo ukiachwa upigwe na mvua kwa miezi unakuwa laini, ndipo unachanganywa na mchanga. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa ya namna hii una vinyweleo. Unanyonya unyevu kutoka ardhini msimu wa masika, na kiangazi unautoa nje kupitia plasta yake. Ni ukuta unaopumua, na plasta ikichakaa unapaka chokaa tena, kazi ambayo hata vijana wa kipaimara wanaweza kuimaliza Jumamosi moja.

Kisha saruji ikawa karibu. Kiwanda cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na kwa ukuta wa matofali ya saruji hakuna ubaya wowote. Tatizo huja unapoichukua ukaivika ukuta wa zamani kama koti la mvua. Unyevu unaendelea kupanda kutoka chini, ila sasa hauna pa kutokea. Unapanda juu zaidi kutafuta njia, na chumvi iliyobebwa na maji inaganda nyuma ya plasta, chembe kwa chembe, ikiisukuma. Miaka michache baadaye plasta inabanduka kwa vipande vikubwa kama sahani, ikitoka na ngozi ya ukuta. Kamati inaona ukuta "umechoka", inaongeza saruji nyingine na rangi ya mafuta juu, na ugonjwa unazidi.

Unaweza kuupima mwenyewe. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kuanzia usawa wa goti hadi bega. Pakilia kizito, plasta imeshika. Pakilia kama ngoma, imeshaachana na ukuta na inangoja siku yake. Nilimpigia shangazi ngoma hiyo upande wote wa kaskazini. "Na tulimlipa!" akasema, na jina la mkandarasi nitamwachia yeye. Dawa ni kubandua ile saruji, kuuacha ukuta ukauke msimu mzima ukiwa uchi, jambo ambalo hakuna kamati inayolipenda, kisha kurudisha plasta ya chokaa kwa mchanga wa mtoni, si wa ufukweni wenye chumvi.

Kule kubandua ndiko kunakofichua historia. Kwenye kanisa la shangazi, chini ya saruji mlikuwa na mstari uliosimama wima kutoka msingi hadi juu, kulia mawe ya matumbawe, kushoto matofali ya saruji. Huo ndio mshono. Hapo kanisa la jiwe la msingi linakwisha na la kibao cha marumaru linaanza. Waumini wamekaa pembeni ya mshono huo kila Jumapili bila kuuona.

Na mshono uko upande wa magharibi kwa sababu. Kwa desturi ya Kianglikana madhabahu huwekwa mashariki. Makka nayo, ukiwa Mombasa, iko karibu moja kwa moja kaskazini, kwa hiyo msikiti na kanisa katika kijiji kimoja husimama kama herufi T, na mgeni aliyepotea anaweza kuzitumia mbili hizo kama dira. Kanisa likiwa dogo, kuhamisha madhabahu ni shughuli ya gharama na ya hisia, watu wamefungia ndoa pale. Kwa hiyo hubomolewa ukuta wa mlangoni, ule wa magharibi, na ukumbi unarefushwa kwenda huko. Jiwe la msingi lilikuwa kwenye ukuta upi? Uleule. Likang'olewa, likakaa stoo na mifuko ya saruji, kisha likapachikwa kwenye ukuta mpya. Ndiyo maana jiwe analolishikilia shangazi ni la zamani kuliko ukuta uliolibeba. Mtaalamu mgeni akilisoma bila kuuliza, ataupa ukuta umri wa watu wengine.

Makanisa ya mjini hayana sana mambo haya. Kanisa Kuu la Ukumbusho, pale barabara ya Nkrumah, ramani yake ilichorwa na John Sinclair, ofisa Mwingereza aliyekuwa Zanzibar, ambaye alilivika kuba na matao hata wageni wakalidhania msikiti. Lilifunguliwa mwaka 1905, kumkumbuka Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na wenzake. Lilijengwa kwa mkupuo, tarehe yake iko wazi. Kanisa la mashambani hujengwa kwa sadaka: mwaka huu msingi, mwaka wa mavuno mazuri ukuta mpaka kwenye linta, kisha kimya kirefu mpaka harambee nyingine. Kati ya jiwe la msingi na siku ya kufunguliwa inaweza kupita miaka kumi, na kila mwaka kati ya hiyo unastahili kuitwa mwaka wa kujengwa.

Karatasi husaidia, ukijua kuzisoma. Herufi zilizopakwa ukutani tayari ni kalenda: CMS ni enzi za wamisionari, CPK, jina la awali la Kanisa la Anglikana la Kenya, ni kati ya 1970 na 1998, na ACK, jina lake la sasa, ni baada ya hapo. Barua za wamisionari wenyewe ziko mbali, katika chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza, ambako mtafiti anaweza kusoma habari za kijiji chenu ambazo ninyi hamjawahi kuziona. Daftari la ubatizo liko karibu, lakini lina mtego. Kurasa za kwanza mara nyingi zilinakiliwa kutoka kanisa mama wakati kitawi kilipojitegemea. La kwa shangazi nilikagua. Safu ya "mahali" ilikuwa na jina la kijiji kilekile tangu mstari wa kwanza, na mwandiko ulibadilikabadilika, wino pia, kama inavyotakiwa katika daftari lililoandikwa siku kwa siku. Katibu akatabasamu kama aliyeshinda kesi.

Leso zikachapishwa kwa mwaka wa daftari. Shangazi alikubali kwa sharti kwamba picha iliyoko katikati iwe ya jengo la sasa, pamoja na mnara ambao haukuwepo wakati wa jina hata moja kwenye ukurasa ule.

Kabla sijaondoka, yule mzee aliyeziokoa fimbo za chuma alinishika mkono akanipitisha ukumbini. Utotoni mwake alikuwa akichota maji kisimani ya kukorogea chokaa ya kuta hizi, yeye na wenzake, debe kichwani. "Ukuta huu ni mdogo wangu," akasema, akaugonga kwa kifundo kama alivyoniona mimi nikifanya. Halafu akanipeleka kwenye birika la ubatizo karibu na mlango, jiwe zito lililochongwa kwa mkono, ukingo wake umelika upande mmoja. Lilikuwemo kwenye banda la makuti. "Huyu ndiye mkubwa," akasema. "Mimi na mamangu sote ametumwagia maji yeye."